Minazi Arobaini ya Kaole

Ilikuwa saa tatu kasorobo ya asubuhi bwana wa Kaole alipopiga hodi kwa jirani yangu. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu saa tatu kamili nilitakiwa niwe kwenye mizani, na tajiri wangu, Mhindi mnunuzi wa utomvu wa sandarusi, alikuwa na saa ya ukutani na ulimi mkali. Bwana wa Kaole alikaa barazani, akanywa kahawa vikombe viwili, akauliza habari za mvua, kisha akasema alilokuja kulisema. Alipoondoka, jirani yangu alicheka. Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu ya kicheko kile. Watu wa Bagamoyo humtaja mpaka leo kuwa mfano wa akili ya kuweka mali, na hakuna katika wanaomtaja aliyekuwepo barazani asubuhi hiyo isipokuwa mimi.

Tulikaa tukitenganishwa na ua wa makuti kwa miaka mingi. Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wamsogelee. Alikuwa mtumwa, kisha akaachwa huru. Bibi yake, aliyemmiliki, alimwandikia uhuru alipokuwa mgonjwa wa kufa, akitafuta thawabu. Thawabu hiyo haikumfikia mdogo wake. Kijana yule alihesabiwa pamoja na mirathi, akaangukia fungu la mpwa wa marehemu, ambaye ndiye huyo bwana wa Kaole, mwenye shamba la minazi kusini mwa mji. Dada alitoka katika nyumba ile na cheti chake, mdogo akatoka na kamba yake ya kukwelea. Tangu siku hiyo jirani yangu alikuwa na shughuli moja duniani, nayo ni kumkomboa mdogo wake.

Bei aliambiwa mapema: riale sitini. Bwana wa Kaole hakuwa mtu wa kuficha maneno wala wa kupandisha bei bila sababu. Jirani yangu alikaanga vitumbua alfajiri, akasuka mikeka mchana, akala kidogo, akavaa kaniki moja mpaka ikawa nyeupe mabegani. Siku moja alikuja kwangu na riale sitini ndani ya kitambaa, akataka nizipime moja moja, akihofia kwamba miongoni mwake zimo za bandia. Zote zilikuwa nzima.

"Hongera, bibi," nikamwambia. "Basi kesho twende Kaole ukamchukue mtu wako."

"Kaole tutakwenda," akasema, "lakini siendi kununua mtu. Nakwenda kununua minazi."

Nilidhani anatania. Akavuta mkeka, akaketi.

"Nisikilize, Mpima, wewe unayejua uzito wa vitu. Nikimnunua leo, kesho asubuhi nina ndugu na sina pesa moja. Atakula nini? Mimi nitakula nini? Tutakuwa watu huru wawili, kazi yetu kuomba chumvi kwako. Nikinunua minazi, itazaa. Itazaa mwaka huu na mwaka ujao, itazaa nikiwa kaburini. Matunda yatamnunua ndugu yangu, na minazi itabaki palepale imesimama. Nitakuwa na mtu, na mali nitakuwa nayo."

Nilikaa nikaitafuta kasoro katika maneno hayo, sikuiona. Hata leo nikiyaandika kama hesabu kwenye karatasi, siioni.

Ni desturi ya pwani yetu kwamba ardhi ni mali mbali, na mti ulio juu yake ni mali mbali. Mtu anaweza kuwa na mnazi mmoja katika shamba la mwenziwe, akaurithisha na akaugombania, bila kuwa na haki ya kupanda mchicha chini yake. Tena kuna kuuza kwa khiyari. Muuzaji hupokea fedha, mnunuzi hula matunda, na siku muuzaji atakapoirudisha fedha ileile, miti humrudia. Bwana wa Kaole alikuwa mtu ambaye fedha humtoka kabla haijamwingia. Alifurahi kumuuzia jirani yangu minazi thelathini kwa khiyari, riale mbili kila mmoja. Mikeka ikanunua kumi mingine katika miaka iliyofuata. Kila shina lilichongwa alama yake, chale mbili fupi usawa wa kifua.

"Akinirudishia fedha, nina fedha," alikuwa akisema. "Asiponirudishia, nina nazi. Hebu niambie nitakosa nini."

Kila baada ya miezi mitatu nazi ziliangushwa, zikafuliwa, zikauzwa kwa Wahindi waliozipeleka Unguja. Ukitoa gharama, kwa kawaida zilibaki riale nne, mara nyingine tano, mara nyingine tatu na kitu. Fedha hiyo aliiweka katika mkoba wa kaniki aliojifunga kiunoni ndani ya nguo. Fedha ya vitumbua ndiyo iliyomlisha. Fedha ya nazi hakuila hata kwa ugonjwa. Aliwahi kulala na homa siku tisa, mwanamke wa nyumba ya pili akamshauri atoe riale moja amwite mganga wa Kikwere aliyekuwa akisifiwa. Akajibu, kwa sauti ile ya chini, kwamba riale hiyo ni kidole cha mdogo wake, na yeye hawezi kumlipa mganga kidole cha mtu.

Dafu hakumpa mtu. Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, mtu mnene na mcheshi, alirudi kutoka mazishini siku ya jua kali, akapita shambani Kaole akamkuta jirani yangu anafagia chini ya minazi yake.

"Bibi, nipe dafu moja, roho inatoka."

"Maji yapo, mwalimu. Ya kisimani, baridi."

"Mimi naona madafu juu ya kichwa chako."

"Yale hayajawa madafu. Yale bado ni ndugu yangu."

"Sasa mimi nitakunywaje ndugu yako!" akasema mwalimu, akanywa maji, na jioni akakisimulia kisa hicho msikitini mpaka watu wakafuta machozi kwa kucheka.

Lakini nazi ikishakomaa na kuanguka, ilikuwa jambo jingine. Nyumba yoyote iliyofiwa, hata ya mtu aliyemtukana juzi, ilipelekewa nazi mbili kabla maiti hajaoshwa. Aliyezaa alipelekewa nazi mbili. Mimi nilipooa nilipelekewa nne, na maneno kwamba mbili ni za mke wangu na mbili ni za kumsaidia kunivumilia. Alikuwa na mkono mwepesi kwa kilichozaliwa na mgumu kwa kinachozaa. Upepo mkali ulipoangusha mnazi wake mmoja alikaa ndani siku mbili. Kwa desturi, mti ukianguka, shimo lake ni la mwenye ardhi na aliyeununua hana chake. Bwana wa Kaole alikuja mwenyewe kumpa pole, akamwonyesha mwingine badala yake, bila kudaiwa. Jirani yangu aliiweka hiyo moyoni. Akaamini kwamba yule ni mtu wa kungoja, mtu ambaye neno lake la kwanza silo la mwisho. Nami niliamini hivyo.

Siku zile akili za mji wote zilikuwa kwenye pembe. Aliyekuwa na kitu alikitia katika msafara wa bara: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, kisha akakaa kungoja meno ya tembo. Mtaani kwetu alikuwako fundi seremala, mchongaji wa milango, aliyemfanya jirani yangu mzaha wake wa kila siku.

"Bi Minazi! Nazi zako zimeota pembe?"

"Bado, fundi. Lakini tisa zimeanguka jana. Zako zimeangukia wapi?"

"Zangu ziko Unyanyembe, zinanenepa!"

"Haya. Zikikonda utaniambia."

Msafara wa kwanza wa fundi ulirudi, mtaji wake ukawa mara mbili. Alimnunulia mkewe bangili za fedha, naye akavaa joho alilokuwa hajui kulivaa. Akatia fedha zote katika msafara wa pili, na nyingine za kukopa. Msafara huo ulionekana mara ya mwisho ukipita Ugogo. Alingoja mwaka, akangoja na wa pili. Joho likauzwa, bangili zikauzwa, na mwishoni nilimwona akiung'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango aliouchonga kwa miezi saba, auweke rehani. Sisi sote tulimtazama jirani yangu tuone atasema nini. Alimpelekea fundi nazi mbili, kama anavyowapelekea wafiwa.

Tangu hapo wanawake wa mtaa walianza kumjia. Aliwashauri vilevile: nunua kinachozaa, usikiuze, kula tunda lake usile shina lake, wala usimsikilize anayekuahidi mara mbili. Wapo wanaokula matunda ya ushauri huo mpaka sasa. Mke wangu ni mmoja wao. Kwa hiyo mtu asidhani naandika habari za mpumbavu. Alikuwa sahihi kuhusu pembe na kuhusu fundi. Alikuwa sahihi kuhusu karibu kila kitu alichokitolea neno.

Sasa nimtaje mkwezi. Yule mdogo wake ndiye aliyekuwa mkwezi wa shamba la Kaole. Bwana wake alimtuma kuangua minazi yote, yake mwenyewe na ile ya khiyari, na kwa hiyo ndiye aliyepanda minazi arobaini ya dada yake kila baada ya miezi mitatu, akaangusha kwa mkono wake nazi ambazo zingemnunua. Dada alisimama chini akihesabu.

Nilikwenda nao mara nyingi, maana jirani yangu alipenda awe na shahidi penye mauzo. Mwanzoni zilikuwa siku za furaha. Mkwezi alikuwa kijana mrefu, mwenye mdomo usiotulia. Alipofika juu ya mnazi alipiga kelele mpaka watu wa mashamba ya jirani wakamsikia.

"Dada! Leo nimefika wapi?"

"Magotini!" alijibu jirani yangu. Maana yake fedha iliyokusanywa ilikuwa imemnunua kutoka nyayo mpaka magoti.

"Basi miguu yangu ni huru? Naishusha ikatembee, mimi nabaki huku!"

"Ishushe na nazi!"

Mwaka uliofuata alikuwa amefika kiunoni, akauliza kama sasa anaweza kuoa. Jirani yangu akamjibu neno ambalo sitaliandika, na wafua nazi wakaangusha nazi mikononi kwa kucheka. Akafika tumboni. Akafika kifuani. Sikumbuki ni msimu gani aliacha kuuliza. Nakumbuka tu kwamba siku moja dada yake alimwita mwenyewe kutoka chini, "Leo mabega!" na juu hapakuwa na sauti, ila nazi zikaendelea kuanguka, tena nyingine karibu mno na aliposimama.

Siku hiyo, alipokuwa akiifungua kamba, kijana alisema nami faraghani. Mikono yake ilikuwa imepasuka na kukauka kwa magome.

"Mpima, minazi hii ikiuzwa leo, inafika riale ngapi?"

"Themanini, kwa khiyari ileile."

"Na mimi?"

"Sitini."

"Basi mimi ni minazi thelathini," akasema. "Kumwambia nimeshindwa. Mwambie wewe."

Nilimwambia jirani yangu njiani tukirudi.

"Amechoka," akasema. "Nani hajachoka? Mimi nilichoka kabla yake. Miaka minne amengoja, aharibu kwa miezi sita? Akiwa huru atanishukuru kwamba ana pa kukwea pake mwenyewe."

Asubuhi ile ya saa tatu kasorobo mkoba ulikuwa na riale hamsini na mbili. Zilipungua nane tu. Mimi nilikuwa nimekaa barazani pembeni, kwa sababu aliniita kila yalipozungumzwa mambo ya fedha, na miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea kazini.

Bwana wa Kaole alimaliza kikombe cha pili. Akasema mvua mwaka huu imechelewa. Akasema wadai wake hawana subira kama watu wa zamani. Kisha, kwa sauti ileile aliyosemea mvua:

"Kuna watu wa Pemba wamefika. Wanatafuta wakwezi, na watu wa karafuu."

"Siku hizi si marufuku kuvusha watu?" jirani yangu akauliza.

"Marufuku ipo, bibi. Na watu wamefika."

"Haya."

"Nikasema, kabla sijasema nao nipite kwako. Una kiasi gani?"

"Hamsini na mbili."

"Basi nipe hizo, na minazi minne tu unirudishie. Minne, bibi. Tumemaliza."

Jirani yangu alichukua dele la kahawa akammiminia kikombe cha tatu, ambacho hakukinywa.

"Ngoja miezi miwili mitatu, bwana. Nazi za mavuno haya zikiuzwa nitakuletea hamsini na tano mkononi, tena siku hiyohiyo. Wewe na mimi si watu wa leo."

"Hamsini na tano," akasema bwana wa Kaole, akitazama kikombe.

"Sitini kamili, basi, ukingoja mavuno mawili. Lakini minazi usiniguse."

Nilisema. Nataka lijulikane kwamba nilisema: "Bibi, ni minne kati ya arobaini." Alinitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia ndani.

Bwana wa Kaole aliinuka, akajikung'uta kanzu. "Haya, bibi. Nimepita. Mungu atatupa kheri."

"Amin. Tutazungumza."

"Inshallah."

Akashuka ngazi taratibu, akageuka akainua mkono. Na jirani yangu akacheka.

"Umeona, Mpima? Amekuja kunitisha. Pemba! Anataka minne leo, kesho mingine minne. Miaka yote anapatana na mimi, na leo bei imeanza kuteremka. Wallahi nitampata kwa hamsini na tano."

Nilikwenda kwenye mizani nikachelewa, nikatukanwa. Sikufikiri tena juu ya jambo hilo mpaka kesho yake alasiri, muuza muhogo wa Kaole aliposema dukani, kama habari ya kawaida, kwamba watu wanne wa shamba lile wametolewa alfajiri kwa njia ya mikoko, na mkwezi ni mmoja wao.

Nilikimbia nyumbani. Jirani yangu alisikia nusu ya maneno yangu, akatoka bila ushungi. Nilimfuata mpaka Kaole. Bwana alikuwa amekaa peke yake katika ukumbi wake, hajala.

"Chukua yote," akasema jirani yangu, akaweka mkoba sakafuni. "Hamsini na mbili, na minazi yote arobaini. Mrudishe."

"Wameshaondoka, bibi."

"Mtume mtu!"

"Wapi?"

"Ulikuwa unapatana!" Ile sauti yake ya chini ilikuwa imemtoka, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipiga kelele. "Kila mwaka ulikuwa unapatana na mimi! Ungeniambia kama leo ndiyo mwisho!"

"Sikuwa napatana," akasema bwana wa Kaole. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuja nyumbani kwako kwa miguu yangu, nikataja Pemba, nikataja minne. Mtu mstaarabu angesema zaidi ya hayo vipi? Nilikuwa nakuaga."

Kumbe mkwezi hakufika Pemba. Walipokuwa wakifichwa mikokoni kungoja maji yajae, aliyefundishwa maisha yake yote kupanda alipanda mti, akakaa juu huku wenziwe wakipakiwa, kisha akaogelea kuvuka mlango wa mto na kwenda kujitupa kwa mapadri wa misheni. Hao walimpokea, na bwana wa Kaole hakuthubutu kumdai, maana angeulizwa alikuwa akimpeleka wapi. Habari ilipoenea, watu wa mtaa walikuja kumpongeza jirani yangu. Mdogo wake yu huru bila kulipiwa hata pesa moja. Riale hamsini na mbili ziko salama. Na bwana wa Kaole, aliyezidiwa na madeni, alihamia Unguja mwaka uleule, asiweze tena kukomboa kitu, na minazi arobaini ikawa ya jirani yangu moja kwa moja. Alikuwa na mtu na mali, kama alivyokusudia, tena na fedha juu yake. Fundi seremala mwenyewe alikuja barazani akavua kofia. "Bi Minazi," akasema, "wewe ulituzidi sote."

Misheni iko mwendo mfupi kutoka mtaani kwetu. Jirani yangu alimtumia mdogo wake salamu, mara ya kwanza kwa mwanamke wa kijiji cha mapadri aliyekuja mjini kuuza mboga. Jibu lililorudi lilikuwa, "Mwambieni mkwezi hayupo." Akatuma tena Idi ilipofika, pamoja na kanzu. Kanzu ilirudi imekunjwa vizuri. Hakutuma mara ya tatu. Aliajiri mkwezi mwingine, Mzaramo mzee mwenye kikohozi, akamlipa kwa nazi. Kila mauzo aliweka riale zake mkobani kama zamani. Niliwahi kumuuliza, kwa upole, sasa anaweka kwa ajili ya nini. Akasema, "Nazi zimeanguka. Nizitupe?"

Kisha Wadachi wakapandisha bendera yao, pwani ikawaka kwa vita vya kuwapinga, na siku mizinga ilipopiga mji tulikimbia kama watu wote kwenda kwenye uwanja wa misheni, maana pande zote mbili zilikuwa zimepaacha salama. Watu walikuwa wengi mno, Waislamu, wapagazi, Wahindi na masanduku yao, kila mmoja na kipande chake cha kivuli. Jirani yangu alitembea nami kutoka mjini akiwa hana kitu mkononi. Mkoba ulikuwa kiunoni.

Uji uligawiwa adhuhuri kutoka vyungu vitatu. Tulipanga mstari, na tulipokaribia ndipo nilipomwona aliyeshika upawa. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa shati jeupe, na shingoni palining'inia msalaba mdogo. Jirani yangu alimwona kabla yangu. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kuzungumza. Hakutoka mstarini.

Alipofika mbele ya chungu, mkwezi aliinua macho.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Siku zile neno hilo halikuwa la mdogo kwa mkubwa wake kama wanavyolitumia vijana sasa. Mtumwa ndiye aliyemwambia anayemmiliki. Waliokuwa karibu walilisikia na kulielewa, na jirani yangu hakuitika.

"Mimi dada yako."

"Nakuona. Kinga bakuli."

Badala ya kukinga bakuli alilopewa mstarini alilibana kwapani, akaingiza mkono ndani ya nguo, akaufungua mkoba, akaunyosha juu ya chungu kwa mikono miwili. "Zako hizi. Zote. Tangu mwanzo zilikuwa zako."

"Uji hapa hauuzwi."

"Sinunui uji!"

"Unanunua nini, basi? Mimi sina bei tena."

Nyuma yetu mtu akapaza sauti, "Mama, malizaneni kwenu! Na sisi tuna njaa!" Wawili watatu wakacheka.

"Ningetoa minazi," akasema jirani yangu, na sauti yake ilikuwa chini sana hata mkwezi akainama kumsikia, "ningetoa minazi, tungekula nini? Niambie wewe. Tungekula nini?"

Mkwezi aliusimamisha upawa. Nilimwona akifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa swali linalostahili jibu.

"Muhogo," akasema. "Chumvi. Na siku hakuna, njaa, dada. Ningelala nayo kwako."

Akamchukulia bakuli kwapani, akalijaza sawasawa na la aliyemtangulia, akamrudishia. "Anayefuata," akasema.

Aliyefuata nilikuwa mimi. Alinijazia kiasi kilekile.

Tulikaa karibu na ukuta. Jirani yangu aliweka bakuli chini na hakuligusa, uji ukashika ngozi juu. Watu walipita wakiruka miguu yetu. Huko mjini mizinga ilikuwa imenyamaza na moshi ulikuwa ukipanda upande wa sokoni, karibu na duka la tajiri wangu, nami sikuwa hata na haja ya kuutazama. Baada ya muda mrefu aliuweka mkoba mapajani mwangu.

"Hesabu," akasema.

"Hapa, bibi? Mbele ya watu?"

"Hesabu, Mpima."

Nikahesabu. Akaniambia nirudie, nikarudia, nikiziweka kumi kumi juu ya kitambaa mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Hapakuwa na ya bandia hata moja.

"Ngapi?"

Nilimwambia. Riale mia moja na tatu.